Somo la 9: Kichaka Kisichochanua

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Luka 13:6–9, Mathayo 13:7, 22, Yohana 15:1–8, Ayubu 14:7–15, Matendo 8:1–4, 11:19–21, Hesabu 8:23–26.

Fungu la kukariri: Yohana 15:2. Lisome katika Biblia yako kila asubuhi ya juma hili mpaka uweze kulisema bila kutazama.

Mama mmoja mjane wa Ujiji alikuwa na kichaka cha kana karibu na mlango wa nyumba yake. Kana ni yale maua mekundu na ya manjano yenye majani mapana kama ya mgomba mchanga. Mume wake ndiye aliyeyapanda. Wakati wa uhai wake, kila Ijumaa kabla jua halijatua, mzee huyo alikata mashina manne au matano yenye maua, akayapeleka kanisani kupamba mimbari kwa ajili ya Sabato. Alipolala mautini, mama alitoa agizo moja tu kwa watoto na wajukuu: mtu yeyote asiguse maua ya mzee.

Mwaka wa kwanza yalichanua kama kawaida. Mwaka wa pili yalipungua. Kufikia mwaka wa nne kilikuwa kichaka kirefu kuliko mtu mzima, majani makavu yamening'inia kwenye mashina ya zamani, ndago na sangari zimeota katikati, na watoto wa mtaa walikatazwa kuufuata mpira wao humo kwa kuhofia nyoka. Ua lilionekana moja moja, tena pembeni tu. Mama hakukaa bure. Kiangazi chote alibeba maji. Alileta samadi ya mbuzi, debe baada ya debe. Majani yakazidi kustawi, na maua yakazidi kupotea.

Jioni moja ya mwezi wa nane jirani yake, mama wa Kiislamu ambaye amelima bustani tangu utoto wake hapo hapo Ujiji, alipita akamkuta akimwagilia. Akasimama, akafunua majani kwa mkono, akatazama chini.

"Mwenzangu," akasema, "haya maua hayana njaa. Yamebanana."

Kuna Mkristo asiyezaa matunda kwa sababu amejikata na Kristo. Biblia inamzungumzia mara nyingi. Lakini yuko pia yule ambaye mizizi yake ni hai, majani yake ni ya kijani, anahudhuria na kutoa zaka, na bado hachanui. Somo la juma hili linamhusu huyo wa pili, pamoja na makanisa yanayofanana naye.

JUMAPILI

Jembe kabla ya samadi

Soma Luka 13:6–9. Mtunza shamba aliomba nafasi ya kufanya kazi gani, na kwa utaratibu gani?

Mwenye shamba alikuwa amekuja miaka mitatu akitafuta tini bila kupata. Shauri lake lilikuwa kuukata mti. Mtunza shamba aliomba mwaka mmoja zaidi, lakini hakuomba mwaka wa kungoja tu. Alitaja kazi mbili: kuchimba kuuzunguka mti, kisha kuutilia samadi. Wasomaji wengi wanaikumbuka samadi na kulisahau jembe. Jembe limetajwa kwanza, na kila mkulima anaijua sababu. Samadi ikimwagwa juu ya ardhi iliyoshikwa na magugu, anayeanza kula ni gugu.

Tazama pia mti huo ulisimama wapi. Haukuota porini. Ulipandwa ndani ya shamba la mizabibu, mahali penye mlinzi na udongo unaotunzwa. Hauwezi kusemwa kuwa ulinyimwa nafasi.

Kosa la mama wa Ujiji lilikuwa hapo. Ni kweli kwamba kana hula sana na hupenda samadi. Lakini kichaka kikishasongamana, chakula kingi huongeza majani tu. Kila shina la kana huchanua mara moja. Likimaliza maua yake, kazi yake imekwisha. Maua yajayo yatatoka kwenye shina jipya linaloota ubavuni, kutoka katika tunguu lililo chini ya udongo, ambalo hufanana na tangawizi kubwa. Wakulima wa Buha hawahitaji kufundishwa jambo hili, maana ndivyo mgomba ulivyo. Mkungu ukishakatwa, shina lile halizai tena. Huondolewa, na machipukizi hupunguzwa mpaka wabaki mama, mtoto na mjukuu. Shamba ambalo kila shina lina machipukizi kumi hupendeza likitazamwa kutoka barabarani, lakini mikungu yake inatia aibu sokoni. Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo asiyemwonea huruma mgomba atayaacha maua ya mlangoni miaka mitano bila kuyagusa, akidhani anayatunza.

Darasa la Shule ya Sabato linapopoa, dawa ya kwanza inayotajwa kwenye baraza ni kuongeza kitu: juma la maombi, semina, kwaya ya wageni. Hiyo yote ni samadi, na samadi ni njema. Ni mara chache mtu husimama kuuliza kama kuna kitu kinachopaswa kung'olewa kwanza. Soma Yeremia 1:10 na uhesabu vitenzi. Kabla ya kujenga na kupanda, nabii alipewa kazi nne za kuondoa. Mungu ambaye hapendi kuharibu alianza na hizo nne.

Kwa kutafakari: Ni lini mara ya mwisho kanisa lako liliacha kufanya jambo fulani, si kwa sababu lilikuwa baya, bali kwa sababu muda wake ulikuwa umekwisha?

JUMATATU

Mbegu haikufa

Soma Mathayo 13:7 na 22, kisha Luka 8:14. Ni nini hasa kiliipata mbegu iliyoanguka penye miiba?

Katika mfano wa mpanzi, mbegu ya njiani iliondolewa na ndege, na ile ya penye miamba ilinyauka. Ya penye miiba haikufanyiwa lolote kati ya hayo. Iliota, ikakua, ikaendelea kuwa kijani. Luka anaeleza kwamba haikufikia kuivisha. Mtu aliyepita kando ya shamba hilo angeona mmea na kuondoka ameridhika.

Yesu alipoeleza maana ya miiba hakutaja wizi, uzinzi wala uchawi. Alitaja shughuli za maisha, udanganyifu wa mali, na anasa. Shughuli zimetajwa kwanza. Katika Kigoma ya leo miiba hiyo ina sura zinazojulikana. Dagaa wasipopatikana, mawazo ya ada ya shule hukaa na baba usiku kucha. Kuna vikao vya harusi vinavyoanza saa kumi jioni na kumalizika saa nne usiku, majuma sita mfululizo. Kuna vikundi vya kuweka na kukopa, vitatu kwa mpigo, kila kimoja na siku yake. Kuna simu ambayo hupokewa kabla ya sala ya asubuhi. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho mzee wa kanisa anaweza kukiitia baraza. Ndiyo sababu hukua bila kusumbuliwa.

Na yapo yanayotoka ndani ya kanisa lenyewe. Dada mmoja anaweza kuwa mwimbaji, karani, kiongozi wa Dorkasi, mwalimu wa Watafuta Njia na mpishi wa makambi, huku Biblia yake ikikaa kwenye mkoba kutoka Sabato hadi Sabato. Kila wajibu ulikuwa chipukizi jema ulipoota. Tatizo ni idadi na nafasi. Hata ndago ndani ya kichaka cha kana haikuwa gugu baya kuliko magugu mengine ya Ujiji. Iliumiza kwa sababu ilikuwa pale, ikinywa maji yale yale.

Soma tena Yohana 15:2 na uangalie ni tawi gani linaloguswa na Mkulima katika nusu ya pili ya fungu. Linaloguswa ni lile linalozaa. Biblia ya Kiswahili imetumia neno la kusafisha, na katika fungu la 3 Yesu anawaambia wanafunzi kwamba wamekwisha kuwa safi kwa sababu ya neno lake. Kisu cha Mkulima huyu, basi, ni neno. Mtu asiyelipa neno nafasi ya dakika chache kwa siku hawezi kupogolewa, hata akiomba kupogolewa.

JUMANNE

Maua ya mzee

Soma Ayubu 14:7–15. Ayubu anaona tofauti gani kati ya mti na mwanadamu? Tumaini lake linakaa wapi?

Baada ya maneno ya jirani, zilipita siku nyingi bila jembe kuguswa. Jirani alirudi, akauliza. Ndipo mama akasema lililokuwa moyoni: "Haya ni ya mzee. Nikiyakata, nimebaki na nini?"

Hilo si swali la bustani, na mtu asije akalijibu haraka. Wajane na wagane, na wazazi waliozika watoto, wanalijua. Kuna chumba ambacho hakifunguliwi, koti ambalo halitolewi kwenye msumari, namba ya simu isiyofutwa. Mtu wa nje huona vumbi. Mwenye nyumba anaona kitu cha mwisho kilichoshikwa na mkono wa yule aliyeondoka.

Ayubu alisema akiwa katika hali ya namna hiyo. Alikuwa amezika watoto kumi. Anautazama mti uliokatwa. Mzizi wake umezeeka ardhini, shina lake linakufa mavumbini, lakini harufu tu ya maji yaufanya uchipuke tena. Mwenyeji wa Kigoma hahitaji kuelezwa. Kuanzia mwezi wa sita ardhi hukauka mpaka inapasuka, nyasi za vilimani hugeuka rangi ya kahawia, na mtu angeapa kwamba hapa hapana kitu hai. Novemba mvua zikishika, baada ya siku chache vilima ni kijani.

Kisha Ayubu anageuka kwa mwanadamu, na maneno yake ni magumu. Mtu hufa, hulala, haamki. Hafanani na mti. Hachipuki tena kutoka katika kile alichokiacha. Hayumo katika miti aliyoipanda, wala katika maua yake, wala katika koti lake. Kwa wanaojifunza Biblia kama Waadventista fundisho hili si geni: wafu wamelala, hawajui neno lolote (Mhubiri 9:5). Lakini ni jambo moja kulijibu swali hilo kwa usahihi katika darasa la ubatizo, na jambo jingine kuliamini ukiwa umesimama mbele ya kichaka alichokipanda mume wako.

Ayubu hakuishia hapo. Katika fungu la 13 hadi la 15 anaomba afichwe kaburini na awekewe wakati wa kukumbukwa. Anasema ataitwa, naye ataitika. Mungu atakuwa na shauku na kazi ya mikono yake. Tumaini halikukaa ndani ya mzizi. Liko katika sauti ya Yule atakayeita. Paulo anaeleza jambo lilo hilo katika 1 Wathesalonike 4:13–16, na anawaandikia watu waliofiwa. Hakuwakataza kuhuzunika, alitaka huzuni yao iwe ya watu wenye tumaini.

Mzee wa Ujiji hakuwemo katika kana. Ukweli huo, ambao mwanzoni unaumiza, ndio uliomfungua mama mikono. Kama mumewe angekuwamo katika maua, asingeweza kuyagusa kamwe. Kama anangoja kuitwa na Bwana wake, basi maua ni maua, nayo yanaweza kutunzwa kama maua.

Ni jirani aliyemsaidia kuliona, kwa maneno machache tu. "Mwenzangu, mzee alikuwa akiyakata kila Ijumaa. Mimi nilikuwa namwona."

Mama alikuwa ameyahifadhi maua ya mume wake kwa miaka minne, na muda wote huo alikuwa ameiacha kazi ya mume wake.

JUMATANO

Kuchimbua na kugawa

Soma Matendo 8:1–4 na 11:19–21. Kanisa la Yerusalemu lilipotawanyika, ni nini kilichotokea Samaria na Antiokia?

Walichimba Jumapili moja mwishoni mwa Oktoba, mvua zikiwa zimekaribia. Wakati huo unafaa, maana mmea uliogawanywa wakati wa jua kali hutaabika, na uliogawanywa katikati ya masika unaweza kuozea ardhini kabla haujachipua. Mjukuu alikata majani yote na panga mpaka yakabaki mashina ya urefu wa shubiri moja. Kisha wakaanza kuchimba mbali kidogo na kichaka, wakiingia taratibu, ili wasiyakate matunguu kwa jembe.

Kilichotoka kilikuwa bonge zito lililoshikamana. Katikati palikuwa peusi, pamekauka, pengine pameoza. Hapo ndipo mzee alipopanda tunguu la kwanza miaka mingi nyuma. Uhai ulikuwa umekimbilia pembezoni. Huko matunguu yalikuwa meupe na magumu, yenye macho ya rangi ya waridi yaliyokuwa tayari kuchipua. Samadi ya miaka minne ilikuwa imemwagwa katikati.

Waliyatenganisha kwa mkono na kisu, kila kipande kikibaki na macho mawili au matatu. Waliyapaka majivu penye majeraha, wakayalaza kivulini siku moja. Sehemu iliyokufa ilitupwa. Kwa wanaotaka kufanya kazi hii nyumbani, kuna tahadhari moja: kana ambazo majani yake yana michirizi ya manjano iliyokosa mpangilio huenda zina ugonjwa wa virusi. Hizo huchomwa moto. Usimpe jirani.

Wakati wa kupanda ulipofika, likatokea jambo ambalo mama hakulitarajia. Mahali pale pa zamani, kwa nafasi ya hatua moja kati ya kipande na kipande, palitosha vipande tisa tu. Vilivyobaki vilijaza toroli mbili. Palikuwa na njia mbili: kuvibana tena vyote mlangoni, au kuvigawa. Vingine vilikwenda kwa jirani, vingine shule ya msingi, na vingine vikapandwa uani kwa kanisa.

Kanisa la Yerusalemu lilikuwa jema. Lilikuwa na mitume, maelfu ya waongofu na ushirika wa mali. Bwana alikuwa amesema habari za Uyahudi, Samaria na mwisho wa nchi (Matendo 1:8), lakini kufikia sura ya 7 karibu wote bado wako mjini. Mateso yaliyofuata kifo cha Stefano hayakuwa mema, na Luka hayaiti mema. Bali anaonyesha kwamba waliotawanyika walikwenda wakilihubiri neno, na miongoni mwao ni wale ambao majina yao hayakuandikwa, waliofika Antiokia na kusema na Wayunani. Kutoka Antiokia alitumwa Paulo. Yerusalemu ilihuzunika kwa kupungukiwa na watu. Haikuwa rahisi kwake wakati ule kujua kwamba inapandwa.

Mwaka 1903 wamisionari wa Kiadventista kutoka Ujerumani walianza kazi Giti, katika milima ya Upare. Mtu aliyependa utulivu angeshauri kazi ibaki pale mpaka iimarike kabisa. Isingemegwa kutoka Upare kwenda ng'ambo nyingine, darasa la Shule ya Sabato la Ujiji lisingekuwepo kujifunza somo hili.

Ujiji yenyewe ina mfano mwingine, na wageni huja kutoka mbali kuutazama. Penye kumbukumbu ya David Livingstone, ambapo alikutana na Henry Morton Stanley mwaka 1871, imesimama miembe miwili. Mwembe wa kale uliowatilia kivuli ulikufa zamani. Hii miwili inaelezwa kwamba ilitokana na ule kwa kupandikizwa. Waliotaka ukumbusho huo udumu hawakuweza kuuzuia mti usife. Walichukua sehemu yake iliyokuwa hai wakaipa udongo mwingine.

Kwa kutafakari: Kama darasa lenu lingegawanywa leo ili nusu yake ikaanzishe kundi Kibirizi, Gungu au mahali pengine karibu nanyi, ni hofu gani ingetajwa kwanza? Je, hofu hiyo ni ya ajili ya kazi ya Mungu, au ni ya kupoteza kiti ulichokizoea?

ALHAMISI

Shina lililokwisha kuchanua

Soma Hesabu 8:23–26. Mlawi aliyefikisha miaka hamsini aliambiwa aache nini, na aendelee na nini?

Sheria hii husomwa mara chache. Walawi walianza utumishi wa hema wakiwa na miaka 25. Walipofikisha 50 waliacha kazi ile nzito. Hakuna lawama katika maneno hayo, wala kufukuzwa. Waliendelea kuwa pamoja na ndugu zao hemani, wakiwasaidia katika ulinzi. Mungu aliweka umri wa kukabidhi mzigo kabla mzee hajaanguka nao.

Shina la kana lililokwisha kuchanua si shina baya. Lilifanya kazi yake. Lakini likiachwa wima, hutia kivuli machipukizi na kuhifadhi unyevu unaoozesha. Mtunza bustani hulikata mpaka chini, karibu na udongo, na mara nyingi siku chache tu baadaye chipukizi lililokuwa limejikunja pembeni huinuka.

Ndugu aliyefundisha darasa moja miaka ishirini anaweza kuwa ameongoza roho nyingi kwa Kristo. Vijana wake wanamheshimu, na kwa sababu wanamheshimu hawatamwambia kitu. Shikamoo haitakosekana. Watakaa viti vya nyuma, watajibu wakitajwa majina, na baadaye wataonekana mara moja kwa mwezi, kisha kwenye makambi tu. Itasemwa kwamba vijana wa siku hizi wamepoa. Labda. Au labda hakuna hata mmoja wao aliyewahi kupewa lesoni na kuambiwa, "Mwanangu, Sabato ijayo utafundisha wewe, mimi nitakaa hapa pembeni." Musa alipoambiwa atwae wazee sabini, Roho aliyekuwa juu yake aliwekwa juu yao pia (Hesabu 11:16, 17), na hakuna mahali panaposema kwamba Musa alipungukiwa. Eldadi na Medadi walipotabiri kambini, aliyeona wivu alikuwa Yoshua, kijana. Musa alifurahi.

IJUMAA

Kwa kujifunza zaidi: Ellen G. White aliandika kuhusu mpanzi na kuhusu mtini usiozaa katika kitabu chake juu ya mifano ya Kristo, kilichochapwa mwaka 1900. Anapofikia miiba, anaonyesha kwamba yanayosonga si lazima yawe dhambi yenyewe kwa yenyewe; yanakuwa miiba pale yanapopewa nafasi ya kwanza iliyo ya ufalme wa Mungu. Aliyajua mambo ya udongo. Katika miaka ya 1890, alipoishi Cooranbong nchini Australia, nyumba yake ilizungukwa na miti ya matunda na maua aliyoyatunza.

Mlango wa mama wa Ujiji ulikuwa mtupu majuma kadhaa. Waliopita waliuliza kulikoni, wengine wakampa pole. Novemba mvua zilinyesha na vipande saba kati ya tisa vikachipua; viwili vilioza. Desemba palikuwa na majani tu, na asubuhi nyingine alisimama pale akijiuliza kama hakukosea. Mwanzoni mwa Februari shina moja lilitoa ua jekundu. Ijumaa hiyo alasiri alilitazama kwa muda, kwa sababu lilikuwa moja, kisha akachukua kisu. Mashemasi waliliweka kwenye chupa juu ya mimbari. Uani kwa kanisa, vile vipande vya toroli vilikuwa bado havijachanua.

Maswali ya kujadili

1. Mama alimwagilia na kutia samadi miaka minne kwa upendo wa kweli. Jadilini namna ambavyo upendo unaweza kuzuia ukuaji wa kitu kinachopendwa, katika familia na katika kanisa. Je, mtu anatambuaje tofauti kati ya kutunza na kuzuia?

2. Aliyeuona ugonjwa wa kichaka hakuwa mshiriki wa kanisa. Ni mambo gani ambayo majirani zenu wasio Waadventista wanayaona katika kanisa lenu, na hakuna aliyewahi kuwauliza? Linganisheni na Yethro katika Kutoka 18:13–24.

3. Katika darasa lenu yupo aliyefiwa na ambaye bado hawezi kugusa kitu fulani. Kabla ya kumwambia akate, someni tena Ayubu 14:13–15 na mwulizane: ni nani atakayekwenda kushika jembe pamoja naye, na siku gani?